Spika aliyetawala bunge la Illinois kwa miaka 36 na jinsi kura zilivyompandisha na kumwangusha

HAKUNA kiongozi wa bunge la jimbo lolote nchini Marekani aliyekaa kitini kwa muda mrefu kumliko Bw Michael Madigan wa Illinois. Alichaguliwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo Januari 1983, akaondoka Januari 2021, na katika kipindi hicho chote alipokonywa kiti mara moja tu, kwa miaka miwili. Magavana saba walikuja, na sita kati yao wakaenda zao. Yeye alibaki.

Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 83, mzee huyo aliripoti katika gereza la serikali ya shirikisho lililoko Morgantown, West Virginia, kuanza kutumikia kifungo cha miaka saba na nusu kwa makosa ya ufisadi.

Mengi yameandikwa kuhusu kesi hiyo. Yaliyoandikwa kwa uchache ni namna mtu ambaye jina lake lilionekana kwenye karatasi za kura za eneo moja tu, kusini-magharibi mwa jiji la Chicago, alivyoweza kuamua ni mswada upi utapita na upi utazikwa katika jimbo lenye watu zaidi ya milioni 12. Eneo lake la uwakilishi, kama mengine 117 ya bunge hilo, lilikuwa na wakazi wapatao 108,000. Raia wengine wote wa Illinois hawakuwahi kupata nafasi ya kumpigia au kumnyima kura.

Kwa msomaji wa Kenya, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba spika wa huko si spika wa hapa. Katiba ya Kenya inataka Spika awe mtu ambaye si mbunge, na inamnyima kura bungeni. Bw Kenneth Marende alikuwa amejinyakulia kiti cha Emuhaya katika uchaguzi wa Desemba 2007, lakini alipombwaga Bw Francis ole Kaparo kwa kura 105 dhidi ya 101 Januari 2008, ilimbidi akiachilie kiti hicho na uchaguzi mdogo ukaandaliwa. Kanuni kama hiyo ndiyo inayotumika pia kwa maspika wa mabunge ya kaunti zetu 47.

Illinois mambo ni kinyume. Spika ni mwakilishi wa kawaida aliyechaguliwa na wananchi wa eneo lake, anapiga kura kama wenzake, na zaidi ya yote ndiye kinara wa chama chenye wabunge wengi. Hatarajiwi kuwa refa. Ni nahodha wa timu mojawapo ambaye pia amekabidhiwa kipenga. Ili kukipata kipenga hicho, anahitaji kuungwa mkono na wawakilishi 60 kati ya 118. Kwa hivyo, mtu anayetaka kuwa spika kila baada ya miaka miwili hana budi kushinda chaguzi nyingi kwa pamoja: wa kwake mwenyewe, na za watu wengine wasiopungua 59. Bw Madigan alilielewa jambo hili mapema kuliko wote.

Alizaliwa Aprili 1942, mwana wa msimamizi wa shughuli za barabara na usafi katika Wadi ya 13 ya Chicago. Zilikuwa enzi za Meya Richard J. Daley, aliyeliongoza jiji hilo kuanzia 1955 hadi alipofariki 1976, na ambaye chama chake cha Democratic kiliendeshwa kama kiwanda. Kijana aliyetaka kazi ya serikali ya jiji alimwendea kinara wa chama katika wadi. Akishaipata, alitarajiwa kuzunguka nyumba hadi nyumba msimu wa kampeni, akiwajua wapigakura wa mtaa wake kwa majina na kuhakikisha wamefika kituoni. Aliyeleta kura alipanda cheo, na aliyeshindwa kuzileta alijua kibarua kitaota nyasi.

Bw Madigan alisomea sheria, akahitimu 1967, na miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 27, akawa kinara wa chama katika Wadi ya 13. Mwaka huo huo alichaguliwa mjumbe wa kongamano lililoandika upya katiba ya jimbo. Novemba 1970 alishinda kiti cha bunge. Alikishikilia kwa miaka 50.

Kongamano hilo la katiba ni muhimu katika simulizi hii kuliko linavyoonekana, kwa maana ndilo lililotunga kifungu ambacho baadaye kingempa uspika. Tutakifikia.

Lakini kwanza ni lazima kueleza namna Illinois ilivyokuwa ikipiga kura, kwani ulikuwa mtindo wa kipekee. Tangu 1870, kila eneo la uwakilishi lilikuwa na wabunge watatu. Mpigakura alikuwa na kura tatu, naye aliruhusiwa kuzigawa apendavyo: moja moja kwa wagombeaji watatu, au zote tatu kwa mtu mmoja. Matokeo yake ni kwamba chama kilichokuwa na wafuasi wachache katika eneo fulani kiliweza kulimbikiza kura zake kwa mgombeaji mmoja na kupata angaa kiti kimoja. Kulikuwa na Republican waliochaguliwa katikati ya Chicago na Democrat waliochaguliwa vijijini. Wabunge wa aina hiyo hawakuwategemea sana viongozi wao wa chama na mara nyingi walipiga kura kwa kufuata dhamiri au ukaidi wao.

Mnamo 1980 mwanaharakati kijana aliyeitwa Pat Quinn, ambaye baadaye angekuwa gavana, aliongoza kampeni ya kupunguza idadi ya wabunge kutoka 177 hadi 118. Wananchi walikuwa wameghadhabishwa na nyongeza ya mishahara ambayo wabunge walijipa, hali ambayo Wakenya wanaielewa bila kuelezwa. Marekebisho yakapita kwa urahisi. Pamoja na wabunge 59 waliotupwa nje, ule mtindo wa kulimbikiza kura nao ulifutwa. Kila eneo likabaki na mwakilishi mmoja.

Hakuna aliyenufaika na hasira hizo za wananchi kama Bw Madigan. Maeneo mengi yakageuka kuwa ngome za chama kimoja, na yale yaliyobaki ya ushindani yakawa machache na ya gharama kubwa. Mgombeaji katika eneo kama hilo alihitaji fedha, matangazo na watu wa kubisha hodi milangoni. Vyote hivyo vilikuwa na mtu mmoja wa kuvitoa. Fedha zilichangwa na vyama vya wafanyakazi, mawakili na kampuni, zikakusanywa mahali pamoja, kisha zikaelekezwa katika maeneo ambayo kinara aliona yanaweza kushindwa au kuokolewa. Watu wa Wadi ya 13 walipakiwa magarini na kupelekwa huko kufanya ile kazi waliyoizoea mitaani mwao. Mbunge aliyeingia bungeni kwa njia hiyo hakuhitaji kukumbushwa jina la kuliandika siku ya kumchagua spika.

KURA YA KOFIANI

Baada ya uchaguzi wa 1980 Republican ndio waliokuwa wengi bungeni, na Spika akawa George Ryan. Bw Madigan aliongoza upande wa wachache. Mwaka uliofuata ukawa wa kuchora upya mipaka, kazi inayofanywa kila baada ya miaka 10 kufuatia sensa.

Hapa Kenya mipaka ya maeneobunge 290 iko mikononi mwa tume huru, na katiba inatoa nafasi ya marekebisho kila baada ya miaka minane hadi 12. Hata hivyo, yeyote anayekumbuka zogo lililoizonga ripoti ya tume ya Bw Andrew Ligale mnamo 2010 anajua kwamba mstari mmoja kwenye ramani unaweza kuwatia watu wazima wazimu. Illinois hawajisumbui hata kujifanya. Wabunge wenyewe ndio wanaochora mipaka ya maeneo watakayogombea.

Wajumbe wa kongamano la katiba waliona hatari iliyomo. Wakaamua kwamba bunge likishindwa kuafikiana, itaundwa tume ya watu wanane, wanne kutoka kila chama. Nayo ikikwama, majina mawili, moja la kila chama, yatatiwa katika chombo, na Katibu wa Jimbo atachomoa moja. Aliyechomolewa anakuwa mwanachama wa tisa na chama chake kinachora ramani kitakavyo.

Fikra ya waandishi wa katiba ilikuwa ya busara kwenye karatasi. Waliamini kwamba hakuna mwanasiasa mwenye akili timamu atakayeweka riziki yake ya miaka 10 katika bahati nasibu, hivyo pande zote zingelazimika kupatana. Hawakuwajua wanasiasa. Vyama vilikataa kupatana 1981, vikakataa 1991, vikakataa tena 2001, na kila mara mambo yakaishia kwenye kura ya kuchomoa.

Mnamo 1981 Katibu wa Jimbo alikuwa Jim Edgar, Republican. Mkono wake mwenyewe ulichomoa jina la aliyekuwa gavana, Samuel Shapiro wa Democratic. Ramani ikachorwa chini ya uangalizi wa Bw Madigan, uchaguzi ukafanyika Novemba 1982, na miezi miwili baadaye akaapishwa kuwa Spika.

Mnamo 1991 bahati iliwageukia Republican. Mwaka wa 2001 jina lilichomolewa kutoka katika mfano wa kofia ndefu ya Abraham Lincoln, mwana mashuhuri kuliko wote wa jimbo hilo, nalo likawa la Democrat, meya wa zamani wa Chicago, Michael Bilandic.

Ni rahisi basi kusema kwamba Bw Madigan alikuwa mtoto wa bahati, na wapo wanaosema hivyo. Ushahidi wa miaka ya tisini hauafiki. Ramani ya 1991 ilichorwa na mahasimu wake kwa nia ya kummaliza. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 1992 chama chake kilibaki na wingi katika baraza. Ilihitaji wimbi la kitaifa la Republican mnamo 1994 ndipo akabwagwa, viti 64 kwa 54, na Lee Daniels akachukua uspika. Wengi walidhani hayo ndiyo yalikuwa mazishi yake.

Miaka miwili baadaye, kwa ramani ile ile ya wapinzani, Democratic ilirejea na viti 60 dhidi ya 58. Ni idadi kamili iliyohitajika, bila hata kimoja cha ziada. Alipita eneo baada ya eneo, akichagua wagombeaji waliofanana na wapigakura wa mahali pao hata kama hawakufanana naye kimtazamo. Ushindi huo ndio kilele cha ustadi wake, na unafaa kusomwa na yeyote anayedhani mipaka peke yake ndiyo huamua kura.

SAA ILIYOSIMAMA

Kuhusu namna alivyoutumia uspika, kisa cha usiku wa Juni 30, 1988 hakijasahaulika Springfield, makao makuu ya jimbo. Timu ya besiboli ya White Sox ilikuwa ikitishia kuhamia Florida iwapo haingejengewa uwanja mpya kwa fedha za umma. Ikifika saa sita za usiku, sheria ingehitaji tatu kwa tano ya wabunge wote badala ya wingi wa kawaida, kiwango ambacho hakikuwa kikipatikana. Gavana James Thompson alikuwa ukumbini akiwashika wabunge mikono mmoja mmoja. Saa za mikononi zilipita saa sita. Spika alitangaza kwamba kulingana na saa yake bado, na mswada ukapita kwa kura 60 dhidi ya 55.

Nguvu zake za kila siku hazikuwa na vituko vya aina hiyo. Miswada yote ilipitia Kamati ya Kanuni, ambayo wanachama wake wengi aliwateua yeye, na mswada asioutaka uliingia humo usitoke. Hakutumia simu ya mkononi wala barua pepe. Alizungumza kwa sauti ya chini na kwa uchache, na kwa sababu hiyo walimbandika jina la Nyundo ya Mahameli.

Barack Obama, ambaye asili ya babake ni Kogelo, Siaya, aliingia Seneti ya Illinois 1997 na kukaa humo hadi 2004. Yeye hakuwa mtu wa Bw Madigan. Mlezi wake wa kisiasa alikuwa Emil Jones, kiongozi wa Democratic katika seneti hiyo. Lakini ramani iliyotoka katika kofia ya 2001 ndiyo iliyowapa Democrat wingi wa Seneti katika uchaguzi wa 2002, ikamfanya Bw Jones kuwa Rais wa Seneti, na ikamwezesha Bw Obama kupitisha miswada iliyompa sifa alipowania Seneti ya kitaifa 2004.

Bw Madigan aliongoza chama chake katika jimbo zima kuanzia 1998, na bintiye Lisa akawa Mwanasheria Mkuu wa Illinois kuanzia 2003 hadi 2019. Januari 2009 baraza lake lilimfungulia mashtaka Gavana Rod Blagojevich kwa kura 114 dhidi ya moja, ilhali Spika alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampeni yake miaka mitatu tu awali. Gavana Bruce Rauner, tajiri wa Republican aliyeingia 2015 akiapa kumvunja nguvu, alijikuta akiongoza jimbo lisilo na bajeti kamili kwa miaka miwili. Madeni yasiyolipwa yalikaribia dola bilioni 15, vyuo vikuu vikapunguza wafanyakazi, na mashirika ya kuwahudumia wasiojiweza yakafunga milango. Julai 2017 wabunge wa Republican wenyewe walimwasi gavana na kusaidia kubatilisha kura yake ya turufu. Wagonjwa na wanafunzi walioumia katika mvutano huo hawakuwa na kura katika Wadi ya 13 wala katika makazi ya gavana.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa yakibadilika. Mitaa iliyokuwa ya wazungu wenye asili ya Ireland na Ulaya Mashariki ikajaa Walatino, nao mnamo 2016 wakapata mwaniaji wao katika kura ya mchujo, Jason Gonzales. Majina mengine mawili ya Kilatino yakajitokeza kwenye karatasi hiyo hiyo. Bw Gonzales alienda mahakamani akidai ni wagombeaji bandia waliopandwa kugawanya kura. Kesi ilitupwa, mahakama ikiona kwamba madai hayo yalikuwa yametangazwa wazi kabla ya kura na wapigakura walikuwa wameyasikia. Bw Madigan alipata takriban asilimia 65.

Kilichomwangusha kilikuwa ule mtindo wa zamani wa kubadilishana kazi kwa kura. Kuanzia 1972 amri za mahakama ziliibana Chicago isiajiri watu kwa misingi ya chama, na nafasi za serikali zikawa haba. Wafanyakazi wa kampeni waliendelea kuhitaji kulipwa. Waendesha mashtaka walisema kampuni ya umeme ya ComEd, iliyotaka sheria za kuinufaisha, iliwapa washirika wa Spika kazi na kandarasi za takriban dola milioni 1.3, wengi wao wakifanya kazi kidogo au wasifanye kabisa. Julai 2020 kampuni hiyo ilikiri mwenendo huo katika mkataba na serikali na kukubali faini ya dola milioni 200.

Novemba mwaka huo wapigakura wakatoa ishara. Jaji Thomas Kilbride, ambaye kampeni zake zilifadhiliwa na chama cha Bw Madigan, alikosa asilimia 60 zilizohitajika ili abaki katika Mahakama ya Juu ya jimbo, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Pendekezo la kodi la Gavana J. B. Pritzker nalo likaangushwa. Katika kampeni hizo zote mbili, wapinzani walitumia jina la Spika kama kitisho.

Wabunge 19 wa chama chake walitangaza kwamba hawangemchagua tena. Katika kura ya ndani ya chama Januari 2021 alipata 51, tisa pungufu. Akasitisha kampeni yake siku iliyofuata, na siku mbili baadaye Emanuel Chris Welch akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuwa Spika wa baraza hilo.

Alipojiuzulu ubunge mwezi uliofuata, mrithi alipaswa kuteuliwa na vinara wa wadi, kila mmoja akiwa na uzito wa kura kulingana na wafuasi waliompigia. Bw Madigan peke yake alikuwa na asilimia 56. Alimteua kijana wa miaka 26, kisha kufumba na kufumbua, kufuatia madai kuhusu mwenendo wake, kijana huyo akaombwa kuondoka na mwingine akateuliwa.

Mashtaka yalifunguliwa Machi 2022. Februari 2025 jopo la waamuzi raia lilimpata na hatia katika mashtaka 10 kati ya 23, likamwondolea saba, na likashindwa kuafikiana juu ya sita. Akijitetea kizimbani, alishikilia kwamba kuwapendekeza watu kwa waajiri ilikuwa sehemu ya kawaida ya kuwasaidia wananchi, na kwamba hakuwahi kuuza kura yake. Jaji alimpa pia faini ya dola milioni 2.5. Mawakili wake walikata rufaa.

Baraza la Wawakilishi la Illinois, katika kanuni lilizopitisha mapema 2021, liliweka kikomo cha miaka 10 kwa mtu yeyote atakayekuwa spika. Miezi michache baadaye wabunge hao hao walichora mipaka mipya ya maeneo yao. Safari hii kofia haikuhitajika, kwa kuwa chama kimoja kilishika mabaraza yote mawili na ugavana.